Kipande Kilichokatwa Kwenye Picha

Mwidiwe, hamjambo akina mama. Kabla sijafungua mdomo, wewe dada wa nyuma uliyeinua simu, ishushe kwanza. Sikujui, na hata ningekujua ningekuambia uishushe. Asante. Sasa tuendelee.

Ndugu zangu, mwaka jana, kabla wakimbizi wa Burundi hawajaanza kumiminika tena, nilikuwa nauza maharage hapa sokoni Kasulu. Kulikuwa na mpiga picha mmoja, studio yake iko karibu na stendi. Alizunguka sokoni anawapiga watu bila kuwaambia, eti ukimwambia mtu anakakamaa kama anapigwa ya pasipoti. Nilimtilia shaka tangu mwanzo. Mtu anakutazama kwa jicho moja, anatafuta nini?

Siku moja mama yangu alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Kabanga. Jirani yetu wa kijijini kwetu Munanila, mwanaume, ndiye aliyekuwa anamrudisha nyumbani, wakapitia kwenye meza yangu. Nilifurahi mno jamani! Salamu yetu Waha mnaijua: nikamshika jirani viwiko, naye akanishika, tukaulizana wazee, watoto, ng'ombe, mpaka migomba. Mama ameketi juu ya gunia, anacheka.

Wiki haijaisha, picha kubwa ikabandikwa nje ya studio. Mimi na jirani, tumeshikana, nimefumba macho kwa furaha. Mama hayumo.

Mume wangu akataniwa kwenye kijiwe cha kahawa mpaka akainuka bila kumaliza kikombe. Akaja nyumbani. "Huyu ni nani?" Nikamweleza, nikamwambia na mama alikuwepo. "Yuko wapi? Picha haidanganyi." Mama akaja mwenyewe kuapa, akaambiwa mzazi hawezi kumkana mwanawe. Nikarudishwa Munanila, wanangu wakabaki kwa baba yao. Nililia mpaka nikaona aibu mbele ya kuku.

Nawaambieni, nilianza kumshuku kila mtu. Mawifi zangu nilijua ndio wamemlipa mpiga picha. Jirani naye, labda alipenda kusemwa. Hata mama, Mungu anisamehe, nilimuuliza kama kweli alikuwepo!

Mwishowe nikaenda studio. Mpiga picha aliponiona akafunga mlango nusu.

"Nani amekutuma? Umekuja na polisi?"

"Nimekuja peke yangu. Mama yangu umempeleka wapi?"

Akababaika. Akasema alimkata, kwa sababu picha ni hadithi, na watu wakizidi hadithi inapotea.

"Hadithi ya nani? Mimi nilikupa hadithi?"

Akawasha kompyuta, akanifungulia picha nzima kama alivyoipiga. Mama yumo, juu ya gunia, meno yote nje. Na pembeni kabisa, nyuma ya nguzo ya duka la chumvi, kuna mtu anachungulia. Nikamwambia, hebu mvute karibu huyo. Akamvuta. Loo! Mume wangu.

Nikamwambia anichapishie, nikaipeleka kwenye kikao cha wazee. Nikaiweka mkekani. Mume wangu aliitazama weee, kisha akainamisha kichwa. Akasema siku ile alinifuata sokoni kunichunguza, na kwa macho yake alimwona mama juu ya gunia. Ila watu walipomcheka kijiweni, aliona haya kusema kwamba alijificha nyuma ya nguzo kumvizia mke wake. Akaona heri niondoke mimi. Mnasikia, akina mama? Heri niondoke mimi! Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijui niliiweka wapi.

Aliniomba radhi mbele ya wazee, nikarudi kwa wanangu. Nawashukuru nyinyi mliokuja kukaa nami kwenye mkeka ule, wakati hata ndugu wa damu walinikwepa. Namshukuru na mpiga picha, ingawa akinisogelea na kamera yake nageuka. Ninalowaachia ni hili: ukiletewa picha ya mtu, usitazame kilichomo tu, uliza pembeni wamekata nini.

Ile picha nzima nimeitia fremu, iko sebuleni. Kila mgeni akiuliza, "Na huyu nyuma ya nguzo ni nani?" mume wangu huinuka, anasema anakwenda kuangalia mbuzi.

Sisi hatufugi mbuzi.