Mwalimu Povu, Aliyefundisha Mtaa Mzima Isipokuwa Mkewe

Ndugu waombolezaji, wasifu mliotarajia kuusikia leo uliandikwa na kamati ya wanafunzi wa marehemu. Waliniletea juzi ukiwa umepigwa chapa vizuri, na picha yake juu akiwa ameshika glasi. Niliusoma wote. Ndoo zake zilielezwa, vizibo vyake vilielezwa, mwanafunzi wake Mfamasia alipewa aya nzima peke yake, na mimi nilitokea mwisho kabisa kwa maneno mawili: "Ameacha mjane." Niliwashukuru, nikauweka kabatini, nikakaa kuandika huu. Asiyekuwepo na lake halipo, nami nilikuwepo.

Mchungaji ameniomba kwa upole nisiitaje bia sana mbele ya jeneza. Nimemwahidi nitajitahidi, ingawa yeye mwenyewe anajua kazi aliyonipa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1959 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi wa injini na mama mshona nguo. Alianza kufundisha kabla hajajua kitu. Dada yake anayemfuata, ambaye ni wifi yangu, alifundishwa naye kuendesha baiskeli wakati yeye mwenyewe hajawahi kuipanda. Alikimbia nyuma yake akitoa maelekezo kwa sauti kubwa mpaka wifi akaingia mtaroni. Kovu bado lipo, mkitaka mwombeni awaonyeshe. Anasema alipotoka kwenye matope kaka yake alimpigia makofi, akamwambia kuanguka kwake kulikuwa kuzuri kwa mtu anayeanza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, ambako alipenda kemia kuliko chakula. Mwaka 1980 alihitimu cheti cha ufundi wa maji. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Idara ya Maji akiwa msoma mita, na baadaye akapandishwa kuwa mkaguzi wa ubora wa maji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2019. Hakuna ua katika mji huu ambao hakuingia. Mbwa wakali walimjua kwa mlio wa viatu. Alijua nyumba ipi maji yake yana kutu na ipi yana harufu ya dawa, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa akieleza tatizo bila kumfanya mtu ajione mjinga.

Mimi nilikuwa mpokea simu wa idara hiyohiyo. Alianza kunipigia kutoka kwenye simu za barabarani kuripoti mabomba yaliyopasuka. Nilituma mafundi, wakarudi wamenuna: bomba zima, maji yanatoka vizuri. Mara ya mwisho aliripoti bomba lililopasuka katika mtaa ambao ulikuwa haujawekewa bomba hata moja. Nikamwambia, "Wewe kaka, unataka nini hasa?" Akasema, "Nataka uniambie 'subiri kidogo' kama unavyowaambia wengine. Unaisema vizuri." Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Miaka hiyo ya mwanzo alikuwa wangu peke yangu, na nawaomba mniache niseme hivyo bila haya.

Bia iliingia nyumbani kwetu mwaka 1998. Mwenzake mmoja wa maabara alimpa mfuko wa kimea, ile shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, pamoja na maua ya hopsi yanayoipa bia uchungu wake na pakiti ya hamira ya bia. Bia ya kwanza iliharibika kwa sababu kila alipopita alifunua ndoo kuchungulia. Ya pili aliifunga kwenye chupa kabla hamira haijamaliza kutoa gesi. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Tukiwa mezani mchana, chupa zikaanza kupasuka stoo moja baada ya nyingine, na mama, ambaye alikuwa amewahi kuona vita, akaingia chini ya meza na sahani yake. Hakurudi kwetu mwaka mzima. Ya tatu ilitoka safi. Marehemu aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha akaitazama, na niliyaona macho yale. Niliyafahamu, maana zamani yalikuwa yakinitazama mimi.

Jirani mmoja akaonja, akataka kujua. Akaja wa pili. Baada ya muda, kila Jumamosi asubuhi jiko langu lilijaa watu wasiojua kuchemsha hata yai, na marehemu katikati yao amejifunga aproni yangu. Ndipo walipompa jina la Mwalimu Povu. Somo la kwanza lilikuwa lilelile kila mara, nami nililisikia nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikichambua mchele. Osha kila kitu, kisha ua vijidudu, maana maji yakishachemka lolote litakaloyagusa likiwa chafu litakuharibia. Loweka kimea kwenye maji ya moto yasiyochemka, yachuje, yachemshe na hopsi kwa saa nzima. Yapoze haraka kwenye beseni la maji baridi. Yakishapoa ndipo utie hamira. Ukiitia yakiwa ya moto umeiua. Funika, weka kibomba cha kupumulia, peleka gizani.

"Halafu?" mwanafunzi angeuliza.

"Halafu ondoka," angejibu. "Wewe umepika maji matamu tu. Anayetengeneza bia ni hamira. Kazi yako ni kutomsumbua."

Alikuwa na desturi moja ambayo ninyi wanafunzi mnaijua. Bia ya kwanza ya kila anayeanza ilifunguliwa mezani kwetu, na yeye alikunywa glasi nzima hadi tone la mwisho, iwe nzuri au mbaya, kabla mtu mwingine hajaigusa. Alisema mtu asiponywewa bia yake ya kwanza hatapika ya pili. Ya Fundi Viatu ilinuka gundi. Mimi nilitoka nje. Marehemu aliimaliza, akafuta mdomo, akasema, "Ina mwelekeo." Ya yule kijana wa benki ilikuwa siki kamili, nikaomba chupa moja kwa ajili ya kachumbari, na bado aliisifu rangi yake. Huyo ndiye mume ambaye nilikuwa nikimpelekea chai kitandani akaonja kwa ncha ya ulimi na kuniambia, "Imepoa hii, mama watoto." Uvumilivu wake wote ulikuwa ukiishia Jumamosi.

Mfamasia alijiunga mwaka 2009. Yupo safu ya pili, amevaa nyeusi kuliko mimi. Alikuja na glavu zake na kipimajoto chake, na bia yake ya kwanza ilitoka safi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Marehemu alirudia habari hiyo wiki nzima. "Yule dada ana mikono misafi. Hajaharibu hata ndoo moja."

Nikamwambia, "Na hii inayokuoshea hizo ndoo?"

Akacheka. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Nilimwonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakulitia maji, lazima nikiri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwomba waziwazi anifundishe na mimi. Sikuomba mara moja. Kila mara alipata la kusema: utachoka bure, moshi utakuumiza macho, kazi ya nyumba inakutosha. Majirani walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nilisema, na nasema tena leo, kwamba aliyefundisha wapita njia asingeshindwa kumfundisha aliyelala ubavuni mwake. Nilichotaka si kujua kupika bia. Nilitaka anitazame kama alivyokuwa akiwatazama ninyi mkikosea, na siku moja aninywee glasi yangu.

Nilichobaki nacho ni mlango wa stoo. Jioni nilikuwa nikisimama pale yeye akiwa ameinama kusikiliza ndoo zake zikipumua, nikamuuliza, "Imeiva?" Naye bila kugeuka akanijibu, "Bado." Niliuliza kwa kinyongo, nikitaka akumbuke kuna mtu ndani ya nyumba.

Mwezi Agosti 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Daktari alisema ni moyo, akamkataza kunyanyua vizito, chumvi, na bia pia. Alitii yote. Alihamishia somo kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, akielekeza kwa fimbo, na wanafunzi wakawa wanampepea. Mwezi Januari alipopungua sana alisema anataka kupika mara moja tena.

"Nipigie Mfamasia," akaniambia.

Nikachukua simu. Nikaishika. Nikaiweka mezani.

"Mfamasia ana kazi leo," nikasema. "Leo mwanafunzi ni mimi."

Akaiangalia mikono yangu. "Osha mikono."

"Nimeshaosha."

"Osha tena."

Niliosha tena. Kisha nikafanya yote. Nililoweka, nikachuja, nikatia hopsi, nikapoza sufuria kwenye beseni, na kila alipofungua mdomo kunielekeza mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nilipoijaribu ndoo kwa kiganja kabla ya kutia hamira, aliweka fimbo chini.

"Nani amekufundisha?"

"Ukuta," nikamjibu.

Alicheka mpaka nikaogopa, maana cheko lilimmaliza pumzi. Alipotulia nikamuuliza mara ya mwisho kwa nini mimi tu hakunifundisha. Akasema, "Hao wote wakishajua hawarudi. Mtu anakuja kuninywesha glasi yake ya kwanza, anashukuru, anakwenda kupika kwake. Hata Mfamasia, amekuja mara ngapi tangu aweze? Nikasema, mke wangu huyu nisimfundishe. Nikimfundisha atakuwa na ndoo yake, na jioni hakuna atakayekuja mlangoni kuniuliza."

"Kwa hiyo nimenuna miaka yote hiyo bure?"

"Hukununa bure," akasema. "Nilikuwa nakusubiri uje."

Mngependa niwaambie kwamba hapo wivu uliisha. Haukuisha. Nilikasirika siku mbili. Mtu anakunyima kitu kwa sababu anakupenda, na wewe unakaa upande wa pili wa ukuta ukidhani hupendwi. Huo si mpango wa mtu mwenye akili, na nilimwambia hivyo. Alikubali. Akaniahidi kwamba desturi ni desturi, bia yangu ikiwa tayari ataimaliza glasi nzima, na daktari asiambiwe. Niliifunga kwenye chupa mwenyewe, yeye akihesabu vizibo kutoka kitandani.

Tarehe 27 Februari 2022 alizidiwa, tukamlaza hospitali. Niliruhusiwa kukaa naye mchana. Asubuhi ya tarehe 3 Machi nilipofika, nesi wa zamu, msichana mpole, alinipokea mlangoni akitabasamu. "Mama, mzee amenifundisha kutengeneza bia," akasema, akanionyesha kiganja chake alipoandika kiasi cha hamira. Nilitaka kumpiga. Niliingia ndani nikamwambia marehemu, "Hata huku?" Akafumbua macho, akanishika kidole, akasema, "Yule ataiharibu ya kwanza." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki saa nne asubuhi, usingizini, kidole changu kikiwa mkononi mwake.

Sasa nawageukia kamati. Mmeniomba kwa heshima kwamba chupa zilizo stoo, bia ya mwisho ya Mwalimu, zifunguliwe leo baada ya mazishi ili wanafunzi wote wamuage kwa glasi. Nimelitafakari ombi lenu usiku wa jana na juzi. Jibu ni hapana. Ile si bia ya mwalimu. Ni bia ya mwanafunzi anayeanza, na kila mmoja wenu aliyekaa hapa, hata wewe Fundi Viatu na gundi yako, ya kwanza yake ilinywewa na marehemu mpaka tone la mwisho. Nawaonea wivu kwa hilo, nitawaonea mpaka nife. Yangu imeiva jana. Nimeionja kwa ncha ya ulimi, nikaifunga tena. Sijui kama ni nzuri. Aliyekuwa aniambie ndiye huyu hapa mbele yetu.

Marehemu ameacha mjane, ambaye safari hii anatajwa wa kwanza, watoto watatu, mabinti wawili na kitinda mimba wetu wa kiume, wajukuu wanne, dada yake mwenye kovu la goti na kaka zake wawili, pamoja na wanafunzi ambao hesabu yao aliijua mwenyewe. Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, akiwemo yule mwenye maandishi kiganjani, ambaye akikwama anakaribishwa nyumbani siku ya Jumamosi. Atanikuta mimi.

Apumzike kwa amani mume wangu. Na huko aliko, asianze kumfundisha mtu mpaka nifike.