Kibati Namba Kumi na Nne: Maisha ya Pantaleo Ligomba, Mlinzi wa Hospitali

Baba Paroko, masista wetu, mwenyekiti wa kijiji, madaktari na wauguzi mliokuja na gari la hospitali, majirani wa Mofu, na ninyi mliovuka mto kutoka Lupiro tangu alfajiri, Tumsifu Yesu Kristo. Anayesoma mbele yenu ni Mwalimu Fransisko, mdogo wa marehemu wa kumfuata ziwa, na familia imemwagiza asome mambo yote kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi, kwa hiyo mtamvumilia pale atakapokaza sauti.

Marehemu Pantaleo Evaristo Ligomba alizaliwa tarehe 27 Julai 1971, hapa hapa Mofu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Evaristo Ligomba na mama Merina, na padri aliyembatiza aliangalia kalenda, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Pantaleo, tabibu, akasema basi mtoto ameshakuja na jina lake. Alisoma Shule ya Msingi Mofu kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akafaulu hesabu na mwandiko, lakini sekondari hakwenda, akabaki kulima mpunga na kuvua pamoja na baba yetu. Mwaka 1990 kiboko alipindua mtumbwi wao mchana kweupe, akamkata mzee vipande viwili mbele ya macho ya Pantaleo, naye akarudi nyumbani akiwa amebeba kile alichoweza kukibeba, na tangu siku ile hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Mwaka 1994 alihitimu mafunzo ya mgambo pale Ifakara, na tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Kandida, ambaye mnamwona pale ameketi chini na wenzake, wakajaliwa watoto wanne, Eveline mwaka 1998, Festo mwaka 2001, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 2003, na Herieth mwaka 2006. Huyo wa tatu hayupo, na bila kumtaja yeye historia hii haieleweki. Tarehe 9 Februari 2004, akiwa na miezi minane, alishikwa na malaria ya degedege, Pantaleo akamweka Kandida na mtoto nyuma ya baiskeli, akakanyaga mpaka Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Notburga, nje kidogo ya mji, akakuta mlango wa mapokezi ya dharura umefungwa kwa komeo, kwa sababu ndani ndugu wa marehemu mmoja walikuwa wanapigana na wauguzi kwa viti na vyuma vya dripu. Aligonga, akabembeleza, akapiga teke, na mlango ulipofunguliwa saa nzima baadaye, mtoto alikuwa ameshapoa mikononi mwa mama yake.

Wengine tungeichukia hospitali ile hadi kufa. Yeye, baada ya arobaini ya mtoto, alivaa shati lake la kanisani akaenda kuomba kazi ya ulinzi, na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba anataka kuuona mlango ule ukiwa wazi. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 2004, akapewa rungu, filimbi na koti la mvua, na kwa miaka ishirini mlango ule haukufungwa akiwa zamu, hata siku moja.

Kazi yenyewe, jamani, haikuwa ya kusinzia kwenye kiti. Mwaka 2009 wenzake na dereva mmoja wa bodaboda aliyefia mapokezi walivunja madirisha yote, wakamkanyaga daktari sakafuni, na Pantaleo alipomlalia daktari yule kumkinga, wakamng'oa meno mawili ya mbele kwa tofali. Mwaka 2013 mwanamume mmoja alimfuata mkewe hadi wodini akamalizie alichokianza nyumbani, ana chupa iliyovunjwa mkononi, Pantaleo akampiga mtama, akamfunga kwa shuka, na mnajua nani alilala mahabusu? Pantaleo! Siku mbili, kwa kosa la kumjeruhi raia, maana mlinzi wa geti hana mamlaka ya kumfunga mtu, na yule bwana siku ileile alikuwa ameshaachiwa anakunywa pombe. Halafu mwaka 2018 umati ulimvuta kijana aliyedaiwa kuiba pikipiki kutoka kwenye machela, mshono wa kwanza hata haujakatwa uzi, ukamuua kwa mawe ndani ya chumba cha dharura, huku watu sita wamemkalia Pantaleo mgongoni, naye akakesha akipiga deki damu ile mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Mwezi uliofuata aliandika barua, kurasa nne, kwa mwandiko ule aliosifiwa shuleni, akiomba hospitali ziruhusiwe kisheria kuajiri askari polisi wao wenyewe, wenye uwezo wa kukamata, wa kuzuia silaha, na wa kutoa PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe, palepale, ili majeruhi asizungushwe kituoni huku waliomjeruhi wanamsubiri njiani. Alisema maneno ambayo wafanyakazi wenzake wanayakumbuka hadi leo, kwamba nikimkamata mtu mimi ni mgomvi, nikimnyang'anya panga mimi ni mwizi, nikikaa kimya mimi ni mzembe, sasa niambieni nisimame wapi.

Barua iliposomwa kwenye kikao cha hospitali, wapo waliocheka, eti Pantaleo anatafuta nyota za mabegani. Sista Kolumba, matroni, hakucheka, alipinga kwa sababu zake, na tunamheshimu kwa hilo, alisema mgonjwa akiona polisi mlangoni atakwenda kufia porini, binti aliyetoa mimba hatakuja, mfugaji anayegombana na serikali hatakuja. Pantaleo alisimama, akavua kofia, akamwambia, "Shikamoo Sista. Mimi siombi mtu wa kumhoji mgonjwa katoka wapi. Naomba mmoja tu hapa getini, ambaye sheria inamruhusu kusema panga hili halirudi, na mwajiri wake awe hospitali, akimtisha mgonjwa mumtimue ninyi wenyewe." Barua ikapanda juu, jibu likarudi kwamba wazo limepokelewa na linasubiri utaratibu. Akaandika tena mwaka 2021, akaandika tena mwaka jana, majibu yote matatu ni sentensi moja, na tumeyakuta kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Akisubiri utaratibu huo, alijitengenezea wake. Alikata vibati kutoka kwenye mifuniko ya makopo ya rangi, akavipiga namba kwa msumari, na kila aliyemsindikiza mgonjwa akiwa na panga, sime au fimbo aliombwa, kwa adabu, aiache kwenye kibanda cha walinzi, apewe kibati, na akiondoka arudishiwe mali yake. Arudishiwe, ndugu zangu, hapo ndipo penye mzizi wa msiba wetu, kwa sababu kumwomba mtu aache panga hakuna aliyekukataza, ila kulizuia anapolidai huna sheria nalo.

Sasa tufike Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024. Saa tatu asubuhi ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa Beatus, mtoto wa dada yetu Teddy, mpunga umeshaiva, na palitokea vita kati ya Beatus na mdogo wake Anold upande mmoja, na mfugaji aitwaye Mayunga na ndugu yake upande wa pili. Nani alianza, hilo ni la wanaochunguza, familia haihukumu. Anold alipigwa fimbo ya kichwa, fuvu likabonyea, Mayunga alikatwa panga begani na kiganjani, na kwa kuwa hospitali ni hiyo moja, wote wawili walifikishwa mlango uleule, bodaboda zimefuatana. Ndugu yake Mayunga aliacha sime na fimbo mbili, akapewa kibati namba kumi na tano. Beatus aliacha panga, akapewa namba kumi na nne.

Saa saba na dakika ishirini mchana Anold alifariki. Beatus alitoka, macho makavu, akaweka kibati mezani akasema, "Mjomba, nipe panga langu, nakwenda kumwambia mama." Viktor, mlinzi mwenzake, alimkonyeza Pantaleo, kisha akamwambia waziwazi usimpe, nipe mimi nilifiche. Pantaleo akajibu, "Nikimnyima, kwa sheria gani?" Akalitoa, akampa kwa upande wa mpini, akamshika bega akampa pole ya mdogo wake. Kisha akainama kwenye daftari, na mstari ule ndio wa mwisho kuandikwa na mkono wake, namba 14, panga, limerudishwa, saa 7:35.

Beatus hakwenda kwa mama yake. Alizunguka nyuma, akapita uwazi wa uzio karibu na dobi, akaelekea wodi ya upasuaji, alikolazwa Mayunga na wagonjwa wengine kumi na tisa, na muuguzi wa zamu alikuwa Eveline, binti wa marehemu. Pantaleo alisikia kelele, akakimbia kwa njia ya mkato, akatangulia kufika. Ndani walipiga ukelele funga mlango, funga mlango, na komeo lilikuwepo, jipya, ila barazani walikuwa wamekaa akina mama tisa na watoto mgongoni, wanasubiri kliniki. Mtu aliyemzika mtoto kwa sababu ya komeo hawezi kulifunga. Aliwapitisha wale mama mmoja mmoja chini ya mkono wake, na wa mwisho alipoingia, aliyebaki kizingitini ni yeye, rungu kiunoni, hakulichomoa, akisema tu, "Beatus, mwanangu, hapa hapana."

Panga la kwanza lilikata mkono aliouinua, likavunja mfupa. La pili lilishuka shingoni. La tatu alipigwa vidole vilivyoshika fremu ya mlango, vikadondoka, na bado alikuwa amejibana pale kwa mabega, damu inamiminika miguuni kwa binti yake, hadi Viktor na ndugu za wagonjwa walipomwangusha Beatus na kumkamata. Akiwa chini, maneno ya mwisho aliyoyasema, Viktor ameyarudia mbele ya polisi na mbele ya familia, ni haya, "Viktor, hilo usilirudishe." Askari waliitwa mara moja, lakini gari lilikuwa limeelekea kijiji cha Mbingu kwenye ajali, wakafika baada ya dakika hamsini. Pantaleo alifariki saa tisa na dakika kumi alasiri, mezani kwa daktari, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi kumi na siku kumi. Mayunga yuko hai.

Familia inawashukuru madaktari walioshona mpaka wakakosa pa kushona, inawashukuru walinzi, wauguzi na masista, na Sista Kolumba, ambaye juzi alitufuata mochwari akatuambia barua ya nne ataiandika yeye. Tunawashukuru majirani mlioleta unga, kuni na mikeka, na ndugu zake Mayunga waliosimama kule barabarani kwa kuogopa kuingia, tunawaambia karibuni, ingieni. Dada yetu Teddy jana alimzika Anold, leo anamzika kaka yake, na mwanawe Beatus yuko mahabusu, mtu asimnyooshee kidole mama yule, atakayemnyooshea aanze na sisi.

Mwisho, vijana. Mmesikika tangu jana mkisema tukitoka makaburini tunapitia hospitalini kwa Mayunga. Asubuhi, wakati mnaingia hapa, mlimkuta Viktor njiani na vile vibati vya marehemu, mkaacha mapanga, mkapewa namba, mkaona ni heshima za msiba. Mapanga ni thelathini na moja, na hivi tunavyoongea yako kwenye gari la Baba Paroko, limeshaondoka. Mtakuja na vibati vyenu, mtaambiwa hapana. Sheria ya kuyazuia hatuna, kama yeye alivyokuwa hana, anayetaka kutushtaki kwa wizi kituo anakijua, na jina la kuandikisha ni Fransisko Ligomba.

Pumzika, kaka. Zamu yako imekwisha, mlango uko wazi, na getini tupo sisi.