Mama Kijiko Anatoka Chumba cha Kuonjea

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Kijiko anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya chai kwa miaka thelathini na mitatu, ishirini na sita kati yake akiwa mwonjaji. Wengi wenu mtalisikia jina lake halisi kwa mara ya kwanza atakapoitwa kupokea cheti.

Alianza ukumbi wa chini kama mfungaji pakiti, meza moja nami. Asubuhi moja alimwambia msimamizi kuwa chai ya kijani iliyokuwa ikipita mbele yetu ilikaa karibu na sabuni. Msimamizi akacheka. Walipokwenda stoo wakakuta katoni za sabuni zimeegemea magunia. Mwezi haukuisha, akahamishiwa ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha refu na meza nyeupe.

Huko alifyonza chai kutoka kwenye kijiko, kile kilichompa jina, kwa kishindo hata mgeni mmoja akauliza kama bomba limepasuka. Siku za kazi hakujipulizia manukato, na ole wake aliyemenya chungwa karibu na mlango wake! Mumewe alizoea kututania kwamba yeye hakuoa mke, alioa pua.

Tulijifunza kwake bila darasa. Alitumwagia majani kiganjani, tuyatazame na kuyanusa. Chai nzuri ya kijani ina majani yanayoonekana kuwa majani, si vumbi, na rangi yake bado ina uhai. Ikishakuwa ya kahawia na kunuka kama nyasi kavu, imezeeka. Iliyopitishwa kwenye mvuke ina ladha ya ubichi. Iliyokaangwa inakaribia karanga. Chagua upendayo, alisema, ila usiimwagie maji yanayotokota. “Mnaiunguza wenyewe, halafu mnailaumu kwamba ni chungu.”

Mwaka wake wa kumi na tisa ndio nisioweza kuusahau. Idara ya mauzo ilileta pakiti mpya zenye maandishi makubwa: “Huponya presha.” Kila mfanyakazi alipewa moja, na Mama Kijiko akampelekea yake kaka yake, fundi cherehani mwenye presha. Kaka mtu alisoma, akaamini, akaacha vidonge vyake. Wiki tatu baadaye alianguka akiwa kazini, upande mmoja wa mwili umepooza. Dada yake alipofika wodini, mgonjwa alimuuliza kwa shida, “Si wewe uliyeniletea dawa?”

Kesho yake Mama Kijiko aliingia kwenye kikao cha wakuu bila kuitwa, aproni yake kiunoni. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa, nikasikia kila neno.

“Chai hii naijua,” alisema. “Ni nzuri. Inachangamsha taratibu kuliko kahawa. Usipoitia sukari, haina sukari. Wataalamu wanasema huenda ikausaidia moyo wa anayeinywa kila siku. Lakini si kidonge. Ama maneno haya yatoke, ama nitoke mimi.”

Meneja aliigeuzageuza pakiti mkononi, kisha akamuuliza hali ya kaka yake, maana habari zilikuwa zimeshafika ofisini. Hapo ndipo mama wa watu alipolia.

Pakiti zote ziliharibiwa. Mpya zikaandikwa: “Kinywaji kizuri. Usiache dawa za daktari wako.” Mauzo yalishuka, na sitaficha, wapo waliosema ametia kitumbua chetu mchanga. Mimi mwenyewe nilinung’unika. Ilichukua miaka miwili kusimama tena, na waliotuinua ni wanunuzi walioanza kusema kwamba chai yetu haidanganyi. Kaka yake alijifunza upya kutembea, kisha kushona kwa mkono mmoja. Gauni atakalovaa dada yake Ijumaa amelishona yeye. Limemchukua miezi miwili.

Waonjaji wawili aliowafundisha wanashika nafasi yake. Juzi nilipita mlangoni, nikawakuta wamemzunguka, wanacheka jambo ambalo sikulisikia, naye anajifuta machozi kwa kiganja. Nilisimama kidogo, nikaondoka kimyakimya. Ukumbi wa chini nimebaki peke yangu kati ya tulioanza pamoja.

Asante, dada yangu, kwa kutufundisha kazi na kwa kutuzuia tulipokosea. Nenda kakae na wajukuu. Afya yako idumu, siku zako ziwe na utulivu, na ukitukumbuka, njoo tu. Hapa hutabisha hodi.