Uwanja Uliochezewa Ngoma

Kwenye Noah ya abiria ya Ruangwa kwenda Nachingwea nilikaa nyuma ya Bibi Makrina na Mwalimu Obadia, mgeni wa Dodoma, ambaye njia nzima alikuwa na jibu la kila kitu.

"Uwanja wa ndege wa Nachingwea ulishindiliwa kwa miguu," bibi alisema. "Mtambo wa kushindilia uliharibika. Mama yangu na wenzake wa kijiji cha Mnero wakauchezea ngoma siku tatu."

"Bibi, pale zinatua ndege za jeshi na za raia. Ngoma haiwezi kubeba uzito huo."

"Umesikia kuna iliyozama?"



Gari liliposimama jirani na uwanja, bibi akashuka. Mwalimu naye akashuka, ingawa kituo chake kilikuwa mbele. Aliutazama uwanja, kisha akaitazama miguu ya bibi.