Kabla ya Sinia la Man

Kaeni hivyo hivyo mlivyo, msisogeze kiti, nesi amesema machela inakuja saa nane na sindano aliyonichoma itanilegeza kabla ya hapo, kwa hiyo nina kama nusu saa ya kusema nikiwa na akili zangu, na nimeogopa, siwafichi, nimeogopa tangu asubuhi mpaka nyayo zimekuwa baridi, lakini nikinyamaza nitaogopa zaidi. Mama, kaa hapo miguuni pangu. Baba Man, mshike mtoto vizuri asivute mpira wa dripu. Ut, mdogo wangu, washa simu yako irekodi, uiweke hapa kwenye mto, maana mrithi wangu mkubwa hata meno hajamaliza kuota na haya ninayoyasema atayasikia akiwa mtu mzima.

Man, mwanangu, hii ni sauti ya mama yako. Naitwa Bich Thoa, nina miaka ishirini na nane, mhasibu wa kiwanda cha chakula cha samaki huko kwetu Sa Dec, na leo tuko Saigon hospitalini kwa sababu vali moja ya moyo wangu iliharibiwa na homa nikiwa mdogo, na ulipozaliwa wewe ikachoka kabisa. Usije ukafikiri ni kosa lako. Ilikuwa mbovu kabla yako. Daktari anasema wengi wanatoka salama, na mimi nikamuuliza wengi ni wangapi, akacheka, akasema, "Dada, wewe lazima ni mhasibu." Hata huku nimejulikana.

Nianze na vitu, ni vichache. Pete ya ndoa awekewe Man. Pikipiki ni ya Ut, ila breki ya nyuma irekebishwe kwanza, usiipande hivyo ilivyo, nakujua. Vyungu arobaini vya maua vilivyo nyuma ya nyumba, kwenye vichanja juu ya maji, ni vyenu wote, asiviuze mtu kabla ya Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, na mkumbuke kubinya ncha ili mmea utawanyike uwe mviringo, mkichelewa utarefuka kama mwiba wa samaki na hakuna mteja atakayeutaka sebuleni kwake mwaka mpya. Deni langu ni moja. Bibi Sau wa jirani alinipa vile vipandikizi vya kwanza bure, nikamwahidi nitamsaidia kubinya vya kwake mwaka huu maana vidole vyake vimeshakunjamana. Ut, nenda wewe. Ukifika atakutukana kwanza kuwa umechelewa, mwache atukane, halafu atakupa chai.

Sasa nije kwenye lililonikaa kifuani kuliko hiyo vali. Mama, usiinamishe kichwa, sisemi ili nikuaibishe.

Man, wewe unatimiza mwaka baada ya siku nne, na utawekwa mkekani mbele ya sinia kama tulivyowekwa sote, sinia lenye mkasi na kioo na kalamu na bonge la udongo na vitu vingine, na kitu cha kwanza utakachoshika watu watashangilia na kusema hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nimekua nikiambiwa nilishika kikokotoo. Kilikuwa cha mwalimu wa mtaani, kimefungwa kwa mpira kisiachie betri, na babu yako, Man, yaani baba yangu mimi, alikuwa mtoni anapakia maua, akarudi akakuta watu wanapiga makofi na mimi nimekipakata huku nalia. Habari hiyo ilihadithiwa kila karamu. Baba aliwahadithia hadi madereva waliokuja kuchukua maua. Nikifeli hesabu shuleni aliniambia, "Utaweza tu, mkono wako ulishachagua." Akauza nusu ya vichanja vyake nikasomee uhasibu Can Tho, yeye akiendelea kusimama ndani ya maji mpaka kiunoni na miguu imejaa vidonda, na kila nilipomwambia apumzike akanijibu, "Mimi nalowa ili wewe ukae kwenye kiti kikavu." Akafa anaamini hivyo.

Na kiti nimekikalia miaka minane. Sisemi kazi ni mbaya, yuko anayeipenda, yule dada wa stoo akikuta tofauti ndogo kwenye ankara macho yanamng'aa kama aliyeona mchumba. Mimi sikuwahi kung'aa. Nafunga hesabu za mwezi, nazipeleka, kesho yake nafungua za mwezi mwingine zinazofanana na zile, na siku moja nikajiuliza katika miaka yote hii ni kitu gani nimekifanya ambacho naweza kukiegemea au kukinusa, nikakosa. Man, siku uliyosimama mara ya kwanza bila kushikwa mimi nilikuwa ghalani nahesabu magunia, baba yako akanipigia simu nikamwambia, "Subiri, nipo mia mbili na kumi na nne, nisipotee." Ulishakaa chini nilipomaliza. Na siku nilipompelekea Bwana Khai, mkuu wetu, hesabu za mwisho wa mwaka, akafurahi, akasema mbele ya ofisi nzima, "Dada Thoa ni kiti cha hapa, akiondoka sote tutakaa chini." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia hadi nikakosa pumzi, na sikujua kama ni moyo unaumwa au ni mimi.

Baada ya Tet nikaandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye mkoba wangu, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, ina miezi minne humo, haina sahihi. Nilimwonyesha baba Man peke yake. Unakumbuka ulivyoniambia? "Acha basi, tutakula maua?" Nikakujibu, "Maua ya mgomba huli? Jana umeomba uongezwe." Ukacheka, lakini hukulala vizuri, nilikuona, na sikulaumu, wewe injini za boti unatengeneza mwezi huu, mwezi ujao hazipo, na mshahara wangu ndio unaotufanya tununue maziwa bila kubishana. Halafu moyo ukazidi, na tukakuta kuwa kadi ya bima inayolipia upasuaji huu ni ile ninayopewa kwa kuwa mwajiriwa. Ningetia sahihi wakati ule nisingekuwa kwenye kitanda hiki. Kazi iliyonikausha ndiyo imenileta kushonwa. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimeuma, nikawa najiambia, Thoa, nyamaza, shukuru, rudi kwenye kiti chako.

Nilikuwa nimeshakubali hivyo. Ndipo juzi mchana, tunangoja majibu ya vipimo kwenye korido, Mama akanishika mkono akasema, "Kuna jambo nataka nikuambie kabla hawajakuchana." Nikamwambia, "Mama, wananipasua, mimi si samaki." Hakucheka. Akasema, "Hukushika kikokotoo. Ulishika udongo. Uliushika kwa mikono miwili ukataka kuula."

Mama, kama nimekosea mahali, nirekebishe. Ulisema ulininyang'anya lile bonge, ukalitupa nyuma yako, ukanitia kikokotoo mkononi, ndiyo maana nilikuwa nalia, na mashangazi waliokuwepo waliona, wakapiga makofi kwa sababu wewe ulianza kupiga. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mikono yangu haitoki matope. Nilitazama miguu ya baba yako. Nikasema huyu hapana." Nikakuuliza kama Baba alijua, ukatikisa kichwa, ukasema ulitaka kumwambia mara nyingi, kisha akauza vichanja, na baada ya hapo ukakosa pa kuanzia.

Nilikasirika, Mama. Siku nzima nilijidai nimelala. Niliwaza Baba ameuza nusu ya maisha yake kwa ajili ya kitu ambacho sikukishika. Niliwaza miaka minane. Niliwaza vyungu vyangu, jinsi ninavyoamka mapema nikavizungukie kwa mtumbwi kabla ya kazi na mikono ikinuka matope nafurahi kama mwizi, na nilikuwa sijui furaha ile ilikuwa yangu tangu nikiwa na mwaka mmoja. Nikataka kukuchukia. Sikuweza, nimejaribu.

Na leo asubuhi, Ut, nilikuita ukutani pale nikakunong'oneza, "Siku ya Man, usiweke kikokotoo kwenye sinia. Mwalimu akikileta kifiche." Ukanitazama, ukasema, "Kwa hiyo na wewe unamchagulia?" Ukaenda zako kununua uji kama vile hujasema kitu. Mdogo wangu, nimebaki pale nimeshika ukuta. Maana nilikuwa nafanya kitu kile kile, kwa hofu ile ile, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naondoa kikokotoo na Mama aliondoa udongo. Nikajua namna Mama alivyokuwa siku ile. Msichana mwenye mtoto mgongoni na hofu. Kama mimi.

Kwa hiyo sikilizeni, na mfanye hivi hata kama sipo. Sinia la Man liwe na vitu vyote. Udongo uwekwe, toa kwenye chungu changu kimoja. Kikokotoo kiwekwe. Mkasi, kalamu, na spana ya baba yake, isafishwe grisi kwanza. Vipangwe duara, asikae karibu na kimoja kuliko kingine, Ut apime kwa kamba. Asiite mtu jina lake akiwa anaenda, asipige mtu makofi mpaka ameshika. Na akishika kikokotoo, furahini kweli, msiangaliane. Labda yeye ndiye atakayeng'aa macho. Na wewe, Man, hata ukishika chochote, kumbuka ulikuwa mtoto wa mwaka mmoja unatafuta kitu cha kutia mdomoni. Ukitaka kubadili ukiwa na miaka kumi, ukiwa na ishirini na nane, badili. Usingoje hadi wakulaze kitandani.

Ulimi unaanza kuwa mzito. Baba Man, nipe mkoba. Zipu ya ndani. Hiyo. Nipe na kalamu, na kitu cha kuandikia juu yake, sinia la uji linatosha.

Mama, najua unataka kusema nini, ngoja nimalize. Najua maziwa. Najua kodi ya boti ya kupelekea maua sokoni. Nimepiga hesabu, ndiyo kazi yangu, nimezipiga mara nyingi na kila mara zinatoka mbaya, miezi sita ya kwanza mibaya sana, baada ya hapo Tet, kama maua yatakubali. Sina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika mdogo hivi. Lakini nimeamua, na naogopa, vyote viwili viko pamoja humu ndani.

Tayari. Mmeona, imepinda, ni sahihi yangu lakini. Tarehe nimeiacha wazi. Baba Man, sikia vizuri, hapa usikosee: barua hii usiipeleke mpaka hospitali wagonge muhuri kwenye karatasi ya kuondoka na bima iwe imeshakubali. Usimpelekee Bwana Khai leo kwa sababu una hasira naye kwa lile neno la kiti. Nakujua. Muhuri kwanza.

Na nisipotoka… usilie, baba Man, mtoto anakuangalia. Nisipotoka, ipeleke vilevile. Mama ananikonyeza, anaogopa tutakosa pesa ya mazishi inayolipwa na bima. Mama, michango yangu ya bima ya miaka minane haifutwi na barua, muulize mhasibu. Pelekeni. Sitaki Bwana Khai aje kwenye msiba aseme kiti chao kimevunjika. Aambiwe niliondoka mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana, nikiwa na akili timamu.

Magurudumu hayo? Ni machela. Bado kidogo, mwambieni nesi bado kidogo.

Man. Mleteni karibu. Mababu zako wakutazame, na babu yako wa maua awe mbele yao. Upate afya. Upate mtu wa kukucheka ukikosea, kama Ut anavyonicheka. Mikono yako… mikono yako iwe yako. Chafu au safi. Ut, umerekodi? Usizime. Mwache baba yake aendelee kumshika, mimi nitatangulia kidogo… hapana, sitatangulia, naenda na kurudi. Semeni hivyo. Anaenda na kurudi.

Mama, nipe mkono. Huu huu, ulionyang'anya. Mimi sina kinyongo tena. Nilikuwa nacho mpaka asubuhi.

Siku ile ya sinia… kaa nyuma, Mama. Karibu na mlango. Na mikono yako hii… Mama, uikalie.