Siku Nilipoketi Mkekani Hadi Neno Likaisha

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na wenye matumbo mazima, asifiwe na sisi wengine pia. Wazee wangu, shikamooni. Mimi mnanijua, ni Baba Kadzo, fundi cherehani wa hapa Gede. Sare za kwaya mnazoziona mbele zimepita mikononi mwangu. Lakini leo sikusimama kusema habari za nguo. Nimesimama kusema habari za tumbo, na atakayecheka na acheke, mimi nimeshalia vya kutosha.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi tumbo langu lilikuwa bwana na mimi mtumwa wake. Lilijaa gesi likawa gumu kama ngoma. Lilinisokota. Leo sipati choo, kesho siwezi kukaa mbali na choo. Nikila maharagwe ni vita, nikiwa na wasiwasi ni vita hata kama sijatia kitu kinywani. Shemeji yangu alisema nimerogwa, akataka kunipeleka kwa mganga. Nilikataa. Mliniombea papa hapa, mkaniwekea mikono, Mungu awabariki. Lakini msokoto ulirudi, nami nikaanza kujiuliza kama Mungu ananisikia. Nasema kweli mbele zenu.

Kisha wakaja watu wa Mtwapa kumposa Kadzo, binti yangu, wamwoze kijana wao Katana. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui mila ya ukoo wetu. Wakwe wakija, baba wa binti huketi mkekani, na neno likishaanza haondoki mpaka liishe. Akiinuka katikati, amekataa posa. Wala haulizwi kwa nini. Na mbele ya wakwe habari za chooni hazitajwi kabisa, ni aibu ya ukoo mzima.

Basi msemaji wao alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutaja mahari, tumbo likanikamata. Nikavumilia. Nikaomba kimoyomoyo. Jasho likanitiririka. Halafu, ndugu zangu, niliinuka nikatoka mbio! Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Hata kreti ya soda waliyoileta badala ya pombe ya mnazi, maana sote tumeokoka, walikuwa wameibeba wakaenda nayo. Nikamkuta Kadzo jikoni, leso ameivuta usoni.

"Baba," akaniuliza, "kwani Katana umemwona na kosa gani?"

Uchungu ule sijui niusimulie vipi.

Asubuhi yake mke wangu akasema, "Baba Kadzo, kuomba tumeomba na tutazidi kuomba. Sasa vaa viatu twende Malindi hospitali." Nikaenda. Daktari, mama mmoja mpole, akaniuliza maswali ambayo hata mke wangu hajapata kuniuliza. Wakapima choo, wakapima damu. Majibu yalipotoka akaniambia hajaona ugonjwa mwingine, ila utumbo wangu ni mwepesi wa kushtuka, na ukishtuka hujikaza. "Hakuna aliyekuroga, mzee," akasema. Akanielekeza vyakula vya kupunguza, akaniandikia na vidonge laini vyenye mafuta ndani, mafuta ya nanaa kali ile ya peremende. Akasema huwasaidia wengi, si wote, tujaribu.

Nanaa! Nilicheka njia nzima, maana nanaa imeota nyuma ya nyumba yangu. Na sisi watu wa pwani nanaa tunaijua mahali pamoja tu, kwenye chai. Nilipofika nyumbani nikachukua mkasi wangu, nikakata kidonge, nikamiminia mafuta kwenye chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nikanywa. Lo! Kifua kiliwaka, kiungulia kikanipanda hadi kooni. Nikasema basi, nanaa nayo imenikataa. Mke wangu akanirudisha kwa daktari, naye akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba, lile ganda si pambo. Ndilo linaloyabeba mafuta yasimwagike tumboni juu, yafike utumboni. Kimeze kizima, kwa maji, kabla ya kula."

Nikatii. Wala haikuwa siku moja. Ila kidogo kidogo gesi ikapungua, msokoto ukalegea, nikaanza kumaliza kushona suruali bila kuiacha njiani.

Ikabaki Mtwapa. Mimi nisingeweza kusema, lakini mke wangu alimwendea mama yake Katana, wanawake kwa wanawake, akamweleza yote. Wakakubali kurudi, ila mzee wao akasema wazi kwamba hakuna mara ya tatu. Siku hiyo neno lilikuwa refu! Katikati tumbo likanguruma, kila mtu akalisikia. Nikasema moyoni, Bwana, wewe ndiwe uliyeliotesha jani hili. Likajikaza kidogo, kisha likatulia. Nami nikaketi. Mwisho Kadzo akaitwa, akaulizwa kama soda za wageni tuzipokee, maana zikipokewa posa imekubaliwa.

"Zipokeeni," akasema, na akanitazama mimi.

Nililia, ndugu zangu, nikiwa bado nimeketi.

Sisemi nimepona kabisa. Ziko siku linanikumbusha lipo, na maharagwe tumeachana kwa amani. Wala sisemi kila tumbo dawa yake ni nanaa. Wewe unayeona damu chooni, wewe unayekonda bila sababu, usingoje, nenda hospitali. Mimi namshukuru Mungu aliyenisikia tangu mwanzo, akanijibu kwa mkono wa daktari na ulimi wa mke wangu.

Na wewe ndugu yangu unayeketi kila Jumapili benchi la mwisho karibu na mlango, watu wanadhani unapenda upepo. Mimi nakujua. Mtumaini Bwana, kisha ukaseme shida yako kwa daktari. Ukiona haya kwenda peke yako, nipitie dukani. Nitafunga mlango twende wote.