Muhuri wa Vilima Viwili: Maisha ya Mzee Andongwisye Yesaya Kibona (1957–2025)

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Itale na Tunduma, na majirani wa hapa Mlowo: haya ndiyo maisha ya Andongwisye Yesaya Kibona kama familia yake ilivyoyajua, na kama ilivyoyajua upya jana jioni. Anayesoma ni Tumpe, mzaliwa wake wa kwanza. Akisita mahali, mvumilieni. Akikasirika, mvumilieni pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 kijijini Itale, Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Yesaya Kibona, mfua majembe, na mama Tumpale. Alikulia kwenye moshi wa kiwanda cha baba yake, na alama za cheche mikononi alikuwa nazo hadi juzi tulipomwosha.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1965 hadi 1971. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya darasa zima, kwamba rula yake ni fupi. Alichapwa viboko vinne. Mwalimu akaenda kimyakimya kuilinganisha na ya seremala, akakuta kweli ncha imelika, imepungua robo inchi. Kesho yake alimpa mtoto ile rula na kumwambia, "Chukua, usije ukanifilisi heshima yangu yote." Rula hiyo ipo nyumbani. Mwaka 1973 hadi 1975 alisomea ufundi chuma Mbeya, kisha akafanya kazi miaka minane katika karakana ya reli.

Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa Tunduma na Nesta Sichone, mama yetu. Mama anasema alimpendea utulivu. Alikuja kuposa akakaa saa nzima bila kusema neno, halafu akainuka akautengeneza mlango wa jikoni uliokuwa unaburuza chini. Babu Sichone akasema, "Huyu mpeni mke, tusimchoshe na maneno."

Mwaka 1984 wajumbe wa Jamhuri ya Zangwe walikuja kutafuta mafundi. Wazee mnaikumbuka nchi ile, siku mbili kwa lori kutoka mpakani. Jeshi lao lilikuwa na bunduki za mitumba kutoka nchi tatu, risasi ya hii haiingii kwenye ile, nao wakataka bunduki yao wenyewe, ya aina moja kwa kila askari. Waliiita Kipanga. Marehemu alikuwa mmoja wa mafundi kumi na mmoja waliokwenda huko wakaianza kutoka kipande kitupu cha chuma. Sampuli ya kwanza iligoma kwa vumbi. Ya pili ilipasuka kitako kwa jua. Ya tatu ilipiga vizuri na wakubwa wakashangilia, lakini yeye akaomba ipigwe risasi elfu mbili. Ilipofika elfu moja na mia tatu akawaonyesha ufa, mwembamba kama unywele, kwenye kufuli, yaani kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma ili moto usimrudie anayepiga. Alisema chuma kinapozwa kwa maji na kwa pupa, kipozwe kwa mafuta. Aliandika barua tatu kueleza hivyo, nao wakaendelea na maji.

Wakamfanya mkaguzi. Kila mkaguzi alikuwa na muhuri wake wa chuma, mdogo kama msumari wa inchi nne, wa kugonga kwa nyundo juu ya mtutu. Bunduki isiyogongwa haitoki ghalani. Wa kwake ulikuwa na vilima viwili, akikumbuka kwao. Sheria ilikuwa moja tu: muhuri hauazimwi.

Mwaka 1987 mama alimwombea kazi mdogo wake, Anania Sichone. Marehemu alimpokea, akamfundisha kushika tupa, akamlaza nyumbani kwake, akamwita mulamu kwa furaha kama tunavyowaita mashemeji huku kwetu. Oktoba 1991 babu Yesaya alifariki, na marehemu ikambidi aje Itale kumzika. Siku hiyo ghalani zilikuwepo bunduki mia mbili na kumi na nne ambazo marehemu alizikataa na kuzipaka rangi nyekundu, kwa sababu ya kufuli lile lile. Akihofia kupoteza muhuri njiani, alimwachia Anania. "Nitunzie, mulamu," alimwambia. Jamani! Mtu aliyeweza kuona robo inchi ya rula hakuona hilo.

Aliporudi, Kipanga zile zilikuwa zimekwisha kupita kwenye gwaride la uhuru, zimesuguliwa rangi, kila moja na vilima viwili mgongoni. Muhuri wake aliambiwa umepotea. Februari 1992 moja ililipuka kwenye uwanja wa mazoezi. Askari mmoja alikufa, mwingine alipofuka. Wakasoma alama, wakamkamata mwenye alama. Anania aliapa kwa Biblia kwamba hakuwahi kuushika. Marehemu alifungwa miezi kumi na minne, na alipokuwa ndani wakaanza kupoza kufuli kwa mafuta, kama barua zake zilivyosema. Kipanga ikawa bunduki ya taifa lile hadi leo. Anania akawa mkaguzi mkuu.

Aprili 1993 marehemu alishuka Tunduma na blanketi moja. Alifungua karakana hapa Mlowo, na wakulima wa Igamba wote wanajua nani alitengeneza mashine zao za kumenyea kahawa. Hakuwahi kuweka alama kwenye kazi yake. Ukimwuliza, alisema, "Ikikatika, watu watajua pa kuja." Sisi watoto tulitaniwa shuleni kwamba baba yetu aliua kwa uzembe, na aibu ni kwamba tuliamini. Bintiye Tumpe alimwuliza usoni mwaka 2001. Alimjibu, "Muhuri ulikuwa wangu," akaendelea kupiga tupa. Hakumtaja mtu. Shemeji huyo alikula Krismasi mezani kwetu, akikatiwa paja la kuku kama mgeni wa heshima. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2023. Alitibiwa Vwawa na Mbeya, akarudi nyumbani Julai mwaka huu. Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa amemshika mkono.

Jana jioni Anania alimwita Tumpe nyuma ya turubai. Alifungua leso. Ndani ulikuwamo muhuri.

"Wakubwa waliniambia nizigonge zile nyekundu, au nirudi Tunduma bila kazi," alisema. "Niligonga zote kwa siku mbili. Baba yako alijua. Alinitazama tu siku ile mahakamani. Nakuomba, mwanangu, usiyasome hayo kesho."

Tumpe alimpelekea mama. Mama aliupokea muhuri. Anania ni mdogo wake, alimbeba mgongoni. Kisha akasema, "Soma yote. Miaka thelathini na miwili nimelala na mtu nikidhani namsamehe, kumbe yeye ndiye alikuwa ananificha aibu ya kwetu."

Asubuhi hii Brayan, fundi wake, amegonga vilima viwili kwenye msalaba wa chuma, mara moja tu. Muhuri upo mkononi mwa marehemu, ndani ya jeneza.

Marehemu ameacha mjane, Nesta; watoto watatu, Tumpe, Yesaya na Eva; wajukuu saba; dada mmoja, Anna, wa Itale; na shemeji mmoja, Anania Sichone, aliyekaa mstari wa pili. Leo asubuhi aliomba jina lake liondolewe kwenye orodha hii. Mama alikataa. Alisema, "Baba Tumpe alinyamaza ili huyu abaki shemeji. Basi atabaki, na atashika koleo kama wengine."

Apumzike kwa amani Andongwisye, ambaye hakuzigonga.